Jiwe la Kapteni

Mimi ni muuguzi, na kwa miaka kumi na tisa kazi yangu imekuwa kupima marubani. Chumba changu kiko ghorofa ya pili, mlango wa kushoto ukimaliza ngazi. Kuna mizani, ubao wa herufi za kupimia macho, kibanda cha kupimia masikio chenye mlango mzito kama wa friji, na rafu ya vikopo vya mkojo. Mlango wa ndani ni wa Daktari, ambaye ndiye mwenye kibali cha kusaini cheti cha afya cha rubani. Bila cheti hicho, hata uwe na saa elfu kumi angani, wewe ni abiria kama abiria wengine.

Kwa hiyo wanaokuja kwetu si wagonjwa. Mgonjwa wa kawaida akiingia hospitali anatamani ugonjwa wake uonekane; rubani anaomba usionekane. Nimemwona mmoja aliyekariri ubao wa herufi kuanzia juu hadi chini, akausoma bila kukosea hata moja, siku ambayo nilikuwa nimeubadilisha. Mwingine alifunga kula siku tisa ili mizani isimseme, akazimia mikononi mwangu nikimfunga mpira wa kutoa damu. Wanadanganya kwa adabu. Wanatabasamu, wanaulizia hali ya watoto wangu. Mimi siwalaumu sana, maana najua mtu akiangukia chumbani kwangu ameanguka kweli.

Nataka kusimulia habari za mwanamke mmoja ambaye hakufanya hivyo. Nilimpigia simu kwanza kumwomba ruhusa, kwa sababu siri ya mgonjwa ni amana. Akanijibu, "Andika, Sista, ila usinifanye malaika. Nililia sana, na nilikasirika zaidi ya kulia." Basi nitajitahidi.

Baba yake alikuwa fundi saa. Yeye mwenyewe alianza maisha ya uwanja wa ndege kwenye mizani ya mizigo, akipima masanduku ya watu wanaokwenda asikokwenda yeye. Alikuwa na miaka ishirini na saba alipoanza masomo ya urubani, umri ambao wenzake wengi walikuwa tayari wana mabega yenye mistari mitatu ya cheo. Ni mfupi; hukalia mto mgumu wa sifongo alioukata mwenyewe ili aone vizuri juu ya pua ya ndege. Sauti yake ni ya chini, ya kutokuwa na haraka. Abiria mmoja aliwahi kuniambia kwamba akitangaza kuna dhoruba mbele unajisikia kama mtu anakuuliza unywe chai ya maziwa au ya rangi.

Aliendesha ndege ya injini moja, abiria kumi na mmoja, rubani mmoja. Hakuna msaidizi pembeni. Kazi yake ilikuwa viwanja vidogo vya ndani, vya nyasi na vya vumbi: kuwapeleka walimu, masanduku ya chanjo, barua, mabomba ya maji, mara nyingine mgonjwa aliyelazwa sakafuni viti vikiwa vimeng'olewa. Siku ya kawaida alitua mara sita. Kati ya viwanja sita, vitano havikuwa na choo.

Wanaume walikuwa na dawa yao: nyuma ya mkia wa ndege. Yeye, mbele ya kundi la watu wanaosubiri, na wazee wamekuja kumsalimu, hakuweza. Akajifundisha njia yake. Kikombe kidogo cha chai alfajiri, basi, hadi jioni. Akafanya hivyo miaka kumi na tatu, jua kali na baridi. Wenzake wakampa jina la Ngamia, na alilipenda. Alikuwa analitaja hata kwangu, akinipa kikopo chake cha mkojo, mkojo mzito wa rangi ya chai iliyokolea. Mimi nilimwambia kila mara, "Kapteni, ongeza maji," naye akacheka, nami nikaandika kwamba kila kitu ni cha kawaida, maana kilichokuwa kinatafutwa kwenye fomu ni sukari na damu, na hivyo havikuwamo. Hilo lina sehemu yangu ya lawama na sitalipita kimya.

Alipofika miaka arobaini na moja akawa anakuja kila miezi sita, kama sheria inavyodai kwa umri huo. Cheti chake kilikuwa bado kina miezi minne siku jiwe lilipojitangaza.

Ilikuwa Jumapili, siku yake ya mapumziko, saa tatu asubuhi. Walikuwa mezani: yeye, mumewe ambaye ni seremala, na mama mkwe wake anayeishi nao, mkunga mstaafu ambaye hajawahi kukubali kwamba amestaafu. Alinyoosha mkono kuchukua kisu cha mkate, na maumivu yakamshika ubavuni kama mtu amemchoma kwa nyuma. Akaenda chini pamoja na kiti. Alitaka kusema "nipeni dakika moja" lakini maneno hayakutoka. Alitambaa hadi ukutani, akasimama, akakaa, akalala, akasimama tena. Akatapika kwenye kapu la nguo.

Mumewe alikuwa anatafuta simu huku ameishika mkononi. Mama mkwe alipiga magoti, akamshika kiuno, akamtazama usoni kwa muda.

"Tulia, baba," akamwambia mwanawe. "Hafi. Huu ni uchungu kama wa uzazi, ila kinachotaka kutoka hakina kichwa."

Alikuwa amesema kweli. Hospitali ya karibu walimchoma sindano ya maumivu, wakampiga picha, na kabla ya saa nane jiwe dogo kama punje ya mchele lilikuwa limetoka lenyewe. Daktari wa zamu, kijana mwenye macho ya usingizi, alimwonyesha picha kwenye kioo.

"Lile limekwisha. Ila kuna jingine hapa, kwenye figo, chini. Milimita sita."

"Litatoka lini?"

"Huenda kesho, huenda baada ya miaka kumi, huenda lisitoke. Limekaa kwenye kona yake. Pumzika siku mbili, kunywa maji, rudi kazini."

Hakumuuliza anafanya kazi gani. Naye hakumwambia.

Usiku ule alilala kama mzigo kwa sababu ya dawa. Jumatatu asubuhi alichukua daftari lake la safari, lile ambalo marubani huandika kila walikoruka, akalifungua ukurasa wa mwisho. Jumamosi. Saa tatu na dakika kumi na mbili alikuwa anashuka kwenye kiwanja cha mlimani, kile ambacho ukishaanza kushuka huna pa kugeuzia. Mbele ni ukuta wa mawe. Nyuma yake walikuwamo watu kumi na mmoja, pamoja na mama mwenye mtoto wa wiki tatu ambaye alikuwa bado hajapewa jina.

Akamwita mumewe kutoka karakana.

"Jana," akamuuliza, "tangu nishikwe mpaka niseme kitu cha maana, ilipita muda gani?"

Seremala ni mtu wa vipimo. Hakukisia. "Ulishikwa saa tatu na kumi, maana niliangalia saa ya ukutani nikiita teksi. Uliponijibu vizuri, uliponiambia nichukue kadi yako ya hospitali, ilikuwa saa nne kasoro kumi."

"Dakika arobaini."

"Dakika arobaini."

Mumewe alirudi karakana lakini hakusikika akipiga randa.

Alipofika kazini Jumanne hakwenda kwenye ndege. Alimtafuta kwanza mwalimu wake. Huyu alikuwa rubani mkongwe waliyemwita Tai, si kwa sababu ya ndege yule wa porini, bali kwa sababu hakuwahi kuonekana bila tai shingoni, hata kwenye kiwanja ambacho vumbi linaingia mpaka kwenye meno. Yeye ndiye aliyemfundisha kutua pale mlimani. Walikaa kwenye benchi nyuma ya karakana ya ndege, akamweleza yote.

Tai alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Nani mwingine anajua?"

"Nyumbani tu. Na wewe."

"Basi iishie hapo, binti yangu. Hospitali ile na daktari wetu hawaandikiani barua. Una miezi minne kwenye cheti. Kunywa maji, litoke kimyakimya, mwezi wa nne unakwenda kupimwa, mkojo msafi, unasainiwa. Ukilipeleka leo, unavuliwa leo. Na kurudi ni kazi. Nimewaona waliokwenda na ukweli wakaozea kwenye karatasi."

"Na likishuka nikiwa angani?"

"Mangapi yanaweza kutokea angani? Kunguru kugonga injini. Moyo wangu mimi kusimama. Tukiyahesabu yote nani ataruka?"

"Hayo hatuyajui, Mzee. Hili nalijua."

Methali ya mficha maradhi kila mtu anaijua, na marubani wanaijua kuliko wote. Tai hakuwa mtu mbaya. Alisema alichoamini kwamba kinamwokoa. Na Kapteni aliondoka pale, kwa maneno yake mwenyewe, akiwa karibu kumtii. Alitembea mpaka kwenye ndege. Fundi alikuwa amesimama kwenye ngazi akifunga kifuniko cha injini, akamwambia, "Kapteni, nimekuta bomba la mafuta lina ufa mdogo sana, lingeweza kwenda hata mwaka. Nimelitoa. Samahani, utachelewa saa nzima."

Alinisimulia hivi: "Sista, nilimshukuru yule fundi kwa moyo wote, halafu nikajiona. Nikajiuliza, kama angeniambia ameuona ufa akauacha kwa sababu ratiba imebana, ningemfanya nini? Ningemfukuzisha kazi."

Alimpigia meneja simu, akasema tu kwamba haruki leo kwa sababu ya afya. Kisha akaja kwetu.

Nilidhani amepoteza cheti. Watu huja bila miadi kwa ajili hiyo. Akanisalimu, akaomba kumwona Daktari, akakaa kwenye kiti cha chuma na bahasha kubwa ya picha magotini, amenyooka kama mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu.

Daktari wetu ni mtu wa maneno machache, na miwani yake amefunga mguu mmoja kwa plasta tangu nimjue. Aliitazama picha dirishani, akasoma ripoti, akauliza maswali manne au matano. Nilikuwa nimesimama mlangoni na faili.

"Nani amekutuma?" akauliza mwishoni.

"Hakuna."

"Kampuni inajua?"

"Inajua siruki leo. Haijui kwa nini."

Daktari akavua miwani. "Nimekaa kwenye kiti hiki miaka ishirini na sita. Wewe ni wa tatu kuja kwa miguu yako mwenyewe." Akanyoosha mkono. Hakuwa na haja ya kusema anataka nini. Cheti kilikuwa tayari kimetolewa kwenye pochi, kimekunjwa mara mbili, kingo zimelainika kwa kubebwa. Alikiweka mezani, na hapo ndipo alipolia. Nilimletea glasi ya maji. Akainywa yote, akaomba nyingine, na mimi nikakumbuka kwamba katika miaka yote ile sikuwahi kumwona akinywa maji.

Ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kumuuliza sawasawa. Daktari alisema, "Kwa siku unakunywa kiasi gani?" Akajibu. Tukatazamana. "Kwa nini?" Akaeleza habari ya vile viwanja vitano, kwa aibu, kama mtu anayekiri kosa. Daktari aliandika muda mrefu. Kisha akasema, taratibu, "Kwa hiyo hili jiwe halikuja lenyewe. Limejengwa kazini."

Miezi iliyofuata haikuwa ya hadithi tamu. Mashine ya kuvunja mawe kwa mawimbi iko hospitali kubwa. Unalazwa ubavu, inakupiga kwa mdundo, maelfu ya mara. Alisema ni kama mtu mwenye subira anayekubishia hodi kwenye figo. Mara ya kwanza jiwe liligawanyika vipande vitatu. Viwili vikatoka, kimoja kikang'ang'ania. Wakasubiri wiki sita, wakarudia. Kikapungua, hakikwisha. Kanuni ni kwamba figo iwe safi, au wataalamu wathibitishe kwamba kilichobaki hakiwezi kushuka na kuziba njia. Na mamlaka ya anga, kama ofisi zote, hujibu barua kwa wakati wake.

Kuna kipimo kinachotaka mkojo wote wa siku nzima ukusanywe kwenye dumu. Nilimpa dumu la lita tatu. Alilibeba kazini ndani ya mkoba wa zana za mumewe, na kila aliyemuuliza amebeba nini alimwambia, "Mitihani." Majibu yalipotoka, Daktari alisema mwili wake hauna kasoro yoyote. Ulikuwa na kiu tu.

Nyumbani hasira zilimtoka kwa watu wasiohusika. Siku moja alimfokea mumewe kwa sababu ya msumari ulioachwa sakafuni. Mume akauokota, akatoka. Mama mkwe akamfuata Kapteni jikoni, akaanza kukausha sahani ambazo zilikuwa zimeshakauka.

"Mwanangu, nilizalisha miaka thelathini na nne," akasema. "Wale waliopiga kelele sikuwaogopa. Niliogopa wale waliosema 'sijambo' mpaka damu ikafika mlangoni. Wewe piga kelele. Ila msumari si wake, ni wangu, nilikuwa natundika kalenda."

Alicheka mpaka akalazimika kukaa. Siku hiyo, anasema, ndipo alipoanza kurudi.

Kampuni ilikuwa imemweka kwenye dawati la ratiba, chumba kidogo chenye redio, ramani na dirisha linalotazama njia ya kurukia. Wenzake walidhani watamwonea huruma hapo. Lakini mtu aliyeanza kwenye mizani ya mizigo haoni haya ya kukaa chini. Alipanga safari, akajifunza kila kiwanja kwa upande wa pili, upande wa anayesubiri. Na akatengeneza karatasi moja. Kushoto aliandika majina ya viwanja vyote kumi na saba vya kampuni, kulia akaandika kama kuna choo au hakuna, na dakika ngapi ndege husimama. Akampelekea Meneja.

Meneja alisoma, akakuna kidevu. "Kapteni, hii ni kampuni ya ndege. Si shule ya chekechea."

"Nimekaa chini mwezi wa tano sasa," akamjibu kwa ile sauti yake. "Choo cha shimo kinajengwa wiki mbili. Na si mimi peke yangu. Waulize abiria wajawazito. Waulize hao wanaume wanaokwenda nyuma ya mkia, kama hawanywi maji kidogo ili wasiende mara nyingi. Mimi nimewauliza. Wanne wamewahi kuumwa ubavu."

"Wanne? Mbona hawajasema?"

"Kwa sababu wameona nilikokaa mimi niliyesema."

Meneja alimrudishia karatasi. Wiki iliyofuata aliomba ile karatasi tena, na safari hii alikuja na kalamu. Ratiba zikabadilishwa: kituo cha tatu kila siku kikawa cha dakika ishirini na tano, kwenye kiwanja chenye choo. Kwa viwanja vingine waliandikiana na wenyeji. Watu wa pale walichimba, kampuni ikaleta mabati, na milango kumi ilitoka kwenye karakana ya mumewe. Aliniambia mumewe alitia komeo kubwa kuliko kawaida kwenye kila mlango, bila kueleza sababu.

Ilikuwa kwenye lile dawati ndipo Tai alipomjia. Alisubiri chumba kiwe kitupu, akafunga mlango, akaweka mezani chupa ya vitamini.

"Fungua."

Hazikuwa vitamini. Vilikuwa vidonge vya presha. Alikuwa anavinywa miaka sita, nusu nusu, vikimwisha anakaa bila, na wiki ya kupimwa anaviacha kabisa ili visionekane, huku akinywa vitu vya majani alivyoambiwa vinashusha. Mwezi ule alikuwa ameona giza alipoinuka kitini. Alikuwa ardhini, asante Mungu.

"Nilikushauri vibaya," akasema.

"Ulinishauri ulichokuwa unajishauri."

"Nifanye nini?"

Hakumhubiria. Alichukua funguo, akamwomba mwenzake ashike redio, wakaja wote wawili. Nawakumbuka wakipanda ngazi, Tai mbele, ameshika tai yake kifuani isiyumbe. Yeye alikaa nje kwenye kile kiti cha chuma saa moja na nusu mpaka mzee alipotoka.

Na hapa kuna jambo linaloniuma mpaka leo. Dawa ya presha si mwisho wa urubani. Kuna dawa zinazoruhusiwa, zinajulikana. Unabadilishiwa, unapimwa wiki kadhaa uonekane umetulia, unarudi. Tai alikaa chini wiki kumi. Wiki kumi tu. Alikuwa ameficha kwa miaka sita, akiruka na giza lake, kitu ambacho kingemchukua wiki kumi na aibu kidogo. Alipoambiwa hivyo na Daktari aliuliza mara mbili kama amesikia vizuri. Aliruka miaka miwili zaidi, akastaafu akiwa anameza kidonge kizima kila asubuhi mbele ya watu.

Baada yake wakaja wengine, mmojammoja, na mara nyingi waliuliza kwanza kama Kapteni wa ratiba yupo, awasindikize. Mmoja alikuwa halali usingizi tangu afiwe na mkewe. Mwingine sikio moja lilikuwa limeanza kuwa zito. Si wote waliorudi angani, nisidanganye. Wa sikio hakurudi. Sasa anafundisha darasani. Lakini alikuja mwenyewe.

Cheti cha Kapteni mwenyewe kilirudi mwezi wa tisa tangu akiweke mezani. Wataalamu watatu waliitazama picha ya mwisho na kuandika kwamba figo ni safi, kwa sharti kwamba apigwe picha kila miezi sita na alete rekodi ya maji. Nilimwita kwa simu. Alikuja na mama mkwe wake, ambaye alitaka kumwona Daktari kwa macho yake, akamkagua kuanzia miguuni mpaka kwenye plasta ya miwani, akasema, "Kumbe ni huyu," na kumpa mkono.

Alifanya safari ya majaribio na mkaguzi, kisha Alhamisi moja akarudishiwa njia yake ya zamani. Nilikuwa na likizo siku hiyo, nikanunua tiketi. Sikumwambia. Nilikaa kiti cha nyuma kabisa pamoja na mwalimu mmoja na masanduku ya vitabu. Pale mlimani, ukuta wa mawe ulipojaa kwenye kioo cha mbele, nilishika kiti, lakini bega lake halikutikisika, na magurudumu yaligusa nyasi kama mtu anayeweka kikombe kwenye kisahani. Alipofungua mlango na kuniona, alitazama chini, akatabasamu, akaniuliza kama nimelipa nauli.

Ningeweza kuishia hapo, lakini maisha hayakuishia. Mwaka jana, kwenye picha ya miezi sita, kulionekana punje mpya. Milimita mbili. Hana maumivu yoyote. Daktari alikuwa bado anageuza picha dirishani, hajasema kitu, nilipomwona amefungua pochi na kuweka cheti mezani. Hakulia. Aliuliza wiki ngapi. Daktari akasema labda sita, labda nane. Akaniomba simu ya mezani kwa sababu yake ilikuwa imeisha chaji, akapiga dawati la ratiba.

"Nitoeni kesho na kuendelea," akasema. "Ndiyo, kiafya. Hapana, niko vizuri. Sikiliza: kesho kuna mama wa kwenda kusafishwa damu, anapandia kiwanja cha nne, miguu yake imevimba. Mwambieni atakayeruka amkalishe kiti cha mbele, na asimharakishe kwenye ngazi."

Akakata, akaniuliza kama dumu la lita tatu bado ninalo.